Je, Wajua? Mbuzi wa Azazeli, Mlango Usio na Kitasa na Maajabu Mengine ya Picha za Biblia

Je, wajua kwamba mchoraji mmoja Mwingereza alimpeleka mbuzi hadi ufukoni mwa Bahari ya Chumvi, akakaa kumchora huku bunduki iko pembeni yake? Ni William Holman Hunt, mwaka 1854, na mbuzi mwenyewe ni yule wa Azazeli, wa Mambo ya Walawi sura ya 16. Angeweza kubaki London akabuni milima kichwani mwake. Hakutaka kabisa!

Ngoja, habari ya mbuzi haijaisha. Yule wa kwanza alikufa! Hunt akarudi Yerusalemu, akatafuta mwingine, akamsimamisha kwenye chumvi na matope yaliyobebwa kutoka kule kule ufukoni, ili hata kwato zichorwe zilivyo. Leo picha hizo ziko mbili, zote Uingereza: moja Port Sunlight ina mbuzi mweupe, nyingine Manchester ina mbuzi mweusi na upinde wa mvua juu yake.

Huyo huyo Hunt ndiye aliyechora "Nuru ya Ulimwengu", ile ya Yesu ameshika taa usiku anabisha mlango. Uangalie vizuri mlango ule. Umeona? Hauna kitasa kwa nje! Ukitaka kujua sababu, fungua Ufunuo 3:20.

Na wajua kwamba picha hiyo ilisafiri duniani kuliko watu wengi wa zama zake? Hunt aliichora upya kwa ukubwa wa mtu halisi akiwa mzee, macho yamefifia, mchoraji mwenzake akimsaidia mkono. Kuanzia 1905 hadi 1907 ikapelekwa Kanada, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini, umati ukipanga foleni kila ilipotua. Tangu 1908 iko katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, na majivu ya Hunt mwenyewe yamezikwa humo humo.

Bado sijamaliza na mtu huyu. Katika "Kivuli cha Mauti", aliyoimaliza 1873, Yesu ni seremala anayejinyoosha baada ya kazi, mikono juu, na kivuli chake ukutani kinaangukia ubao wa zana na kufanya msalaba. Mama yake amepiga magoti mbele ya sanduku la zawadi za mamajusi, ametupa mgongo, hatuuoni uso wake; lakini kichwa kimeelekea kivuli. Bei? Gini 10,500, zaidi ya pauni 11,000, kwa picha na haki ya kuichapa!

Unamjua John Everett Millais? Alipokelewa katika shule ya Royal Academy, London, akiwa na miaka 11. Hakuna aliyewahi kuingia mdogo kuliko yeye!

Kijana huyo alipofika miaka 20 alimchora Yesu mtoto katika karakana ya Yusufu, mkono umechomwa na msumari, vumbi la mbao limetapakaa sakafuni. Kichwa cha Yusufu ni cha baba yake Millais, mikono yenye misuli ni ya seremala wa kweli, na kondoo wa dirishani walichorwa kutokana na vichwa vilivyonunuliwa buchani. Watu walikasirika! Charles Dickens, mwandishi mkubwa wa Uingereza, aliishambulia picha gazetini kwa maneno makali mno, na kelele zikazidi hadi Malkia Victoria akaagiza aletewe aione kwa macho yake.

Sasa sikia mwisho wa kijana aliyetukanwa hivyo: mwaka 1896 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Academy yenyewe.

Huenda unajiuliza kwa nini wachoraji walihangaika namna hii. Katika akademia za karne ya 19 picha zilipangwa kwa vyeo. Matunda mezani yalikaa chini, mandhari juu kidogo, sura za watu juu zaidi, na kileleni kabisa zilikaa picha za historia, ambamo Biblia ilikuwa na kiti chake. Ukitaka jina, ulichora Musa, Danieli au Golgotha.

Je, wajua mtihani wa Paris ulikuwaje? Wanafunzi 10 bora waliowania tuzo ya Prix de Rome kila mmoja alipewa chumba chake na siku 72 za kuchora kisa kimoja walichopangiwa wote. Mshindi alipelekwa Roma kwa gharama ya serikali. Mwaka 1858 Jean-Jacques Henner alishinda kwa picha ya Adamu na Hawa wakiikuta maiti ya Habili.

Wanawake je? Walifungiwa mlango wa shule ya sanaa ya serikali huko Paris hadi 1897! Karne karibu yote ilipita hivyo, na inauma kufikiria picha ambazo hazikuchorwa.

Urusi nako mtihani ulikuwa wa Biblia. Mwaka 1871 akademia ya St Petersburg iliwapa vijana kisa cha binti Yairo anayefufuliwa, na wawili wakatoka na medali ya dhahabu kwa kisa hicho hicho: Ilya Repin na Vasily Polenov. Repin alikuwa amekwama kabisa hadi alipomkumbuka dada yake mwenyewe aliyefariki angali msichana. Ukiitazama picha yake ukijua hilo, kimya cha kile chumba kinakushika koo.

Haya, shika kiti, sasa tunaingia kwa majitu.

Alexander Ivanov, Mrusi, alianza kuchora Kristo akiwatokea watu kando ya Yordani mwaka 1837. Akamaliza 1857. Miaka 20 kwa picha moja! Turubai lina mita 5.4 kwa 7.5, na michoro ya maandalizi ilipita 600. Aliichora yote Roma, na katika umati ule alimweka rafiki yake, mwandishi Nikolai Gogol. Aliporudi nyumbani 1858 kuionyesha, kipindupindu kikamchukua baada ya wiki chache tu.

Unadhani yuko peke yake? Antonio Ciseri aliagizwa na serikali ya Italia achore Pilato akimwonyesha Yesu kwa umati, naye akatumia miaka 20 vilevile, 1871 hadi 1891, mwaka ambao alifariki. Na angalia alivyofanya: ametuweka nyuma ya Pilato, barazani, tunauona mgongo wa gavana akiinama kuelekea bahari ya watu chini. Mtazamaji unakuwa upande wa ikulu!

Gustave Doré, Mfaransa, hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alijifundisha. Kisha akachora Kristo akiteremka ngazi za ukumbi wa hukumu kwenye turubai la mita 6 kwa 9, liko Strasbourg. Ukisikia mtu anasema bila chuo huwezi, mtajie Doré.

Na Mihály Munkácsy wa Hungaria? Yesu wake mbele ya Pilato, wa mwaka 1881, ana turubai la zaidi ya mita 4 kwa 6. Miaka mitatu baadaye akachora Golgotha, na ipo picha ya kamera inayomwonyesha mchoraji mwenyewe amejinyoosha msalabani ili kuona mwili unavyoning'inia. Alitaka kuchora uchungu alioupima kwa misuli yake.

Basi kisia aliyenunua picha hizo mbili. Mfalme? Papa? La! Ni John Wanamaker, tajiri wa duka kubwa la Philadelphia, Marekani. Kila Pasaka zilitundikwa dukani, na mtu aliyekuja kununua kofia alijikuta uso kwa uso na Golgotha. Leo zimerudi Hungaria, zimeungana na ya tatu ya mwaka 1896 katika jumba la makumbusho la Debrecen.

Lakini majitu yote hayo ni watoto mbele ya Jan Styka. Mpolandi huyu, miaka ya 1890, alichora Golgotha yenye urefu wa mita 59 na kimo cha mita 14! Ukipanga mabasi matano ya abiria mkia kwa pua, ndiyo urefu wake. Kimo chake ni cha ghorofa nne. Kabla ya kuanza alikwenda Roma, paleti yake ikabarikiwa na Papa Leo wa Kumi na Tatu.

Kilichofuata hutakiamini. Ilipelekwa Marekani kwa ajili ya maonyesho ya St Louis ya 1904, lakini hapakuwa na ukuta wa kuitosha, kisha ikashikiliwa na forodha kwa sababu ya kodi. Styka alifariki 1925 bila kuiona tena. Mwaka 1944 ikapatikana Chicago, imeviringishwa kwenye nguzo ya simu! Sasa ina jengo lake yenyewe huko Glendale, California.

Pumua kidogo. Nina wengine waliofanya maajabu kwa kuficha.

Jean-Léon Gérôme alichora Golgotha mwaka 1867 bila kumchora Yesu. Unaona kilima, askari wanaondoka kuelekea Yerusalemu, na pembeni ardhini vivuli vya misalaba mitatu. Basi! Binafsi sijui picha nyingine ya zama hizo yenye ujasiri kama huo.

James Tissot aligeuza kabisa. Alichora kile ambacho Yesu alikiona kutoka msalabani: umati chini, nyuso zimeinuliwa, mama yake yuko pale, na chini kabisa ncha za miguu yake mwenyewe. Wewe mtazamaji ndiye uliye juu.

Wajua Tissot alikuwa nani kabla ya hapo? Mchoraji wa mabibi wa Paris na London waliovaa gauni za fahari! Mwaka 1885, ndani ya kanisa la Saint-Sulpice, alipata maono, akaacha mambo yote, akafunga safari ya Palestina mwaka uliofuata. Alitoka na michoro 350 ya maisha ya Yesu, na mwaka 1900 wananchi wa Brooklyn walichanga fedha hadi jumba lao la makumbusho likaweza kuinunua yote kwa dola 60,000.

Eugène Burnand wa Uswisi, 1898: Petro na Yohana wanakimbia kwenda kaburini alfajiri ya ufufuko. Kaburi halionekani, malaika haonekani. Kuna nyuso mbili tu na nywele zinazopeperuka, na mtu mzima unajikuta unataka kukimbia nao.

Na Luc-Olivier Merson, 1879, alimlaza Mariamu na mtoto Yesu mikononi mwa sanamu ya Sfinksi, jangwani Misri, usiku! Yusufu kalala mchangani, punda anatafuta majani, na mwanga unatoka kwa mtoto. Mathayo hakuandika habari ya Sfinksi, lakini ukishaiona picha hiyo ni vigumu kuusoma usiku ule bila yeye.

Sasa sogea zaidi, hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike. Je, wajua kwamba mmoja wa mabingwa wa picha za Biblia Paris alikuwa Mmarekani mweusi, ambaye mama yake alizaliwa utumwani akatoroka? Jina lake Henry Ossawa Tanner, aliyezaliwa 1859, mtoto wa askofu. Alichoshwa na ubaguzi wa kwao, akavuka bahari 1891, akajiunga na shule ya sanaa ya Académie Julian, Paris.

Mwaka 1897 picha yake ya Lazaro akifufuliwa ilipata medali katika maonyesho makuu ya Paris, na serikali ya Ufaransa ikainunua. Serikali! Rodman Wanamaker, mtoto wa yule yule mwenye duka, akalipia safari yake ya Misri na Palestina ili akaone nchi yenyewe.

Alichokileta ni "Kupashwa Habari" ya 1898. Mariamu ni binti wa kijijini, amekaa ukingoni mwa kitanda kilichovurugika, kidole cha mguu kimechungulia chini ya kanzu. Malaika Gabrieli? Hana mabawa, hana uso, hana vazi. Ni mwale wa nuru umesimama wima chumbani! Jumba la makumbusho la Philadelphia liliinunua 1899, na iko huko mpaka leo.

Tuongeze mwendo.

Kasri la Frederiksborg, Denmark, liliungua 1859, na picha 23 za maisha ya Yesu zilizochorwa na Carl Bloch kwa ajili ya kanisa lake dogo zililipiwa na mwenye kiwanda cha bia, J. C. Jacobsen wa Carlsberg. Ndiyo, bia! Kazi hiyo ilimchukua Bloch tangu 1865 hadi 1879.

Ile picha ya Yesu amepiga magoti Gethsemane, mikono imekutana juu ya mwamba, mwanga unamshukia kutoka juu, huenda umeiona kwenye kalenda ukutani. Aliichora Heinrich Hofmann, Mjerumani, mwaka 1890. Turubai lenyewe liko katika Kanisa la Riverside, New York, zawadi ya tajiri John D. Rockefeller mtoto.

Edward Poynter alichora Waisraeli wakiburuta simba mkubwa wa jiwe huko Misri, 1867. Mnunuzi wake, John Hawkshaw, alikuwa mhandisi. Akapiga hesabu ya uzito, akasema watumwa hawa hawatoshi kulivuta jiwe hili! Poynter akaongeza watumwa.

Benjamin Robert Haydon alitumia miaka 6 kuchora Yesu akiingia Yerusalemu, akamaliza 1820. Katika umati aliweka washairi Wordsworth na Keats waliokuwa hai, pamoja na Newton na Voltaire waliokwisha kufa zamani! Watu zaidi ya 30,000 walikwenda kuitazama.

Fernand Cormon, 1880: Kaini na ukoo wake wanatembea nyikani, nywele matimutimu, miguu imepasuka, kwenye turubai la mita 7. Watazamaji waliozoea watu wa Biblia wasafi walipigwa na butwaa.

Nikolai Ge, 1890: "Ukweli ni Nini?", Pilato juani na Yesu kivulini. Ilipigwa marufuku kuonyeshwa. Miaka mingi baadaye eksirei zikafichua kwamba chini yake kuna picha nyingine nzima aliyoichora kabla, iliyodhaniwa imepotea!

Na William Bouguereau, aliyesifiwa kwa ngozi laini na malaika wazuri, alimpoteza kijana wake Georges Julai 1875. Mwaka uliofuata alichora Mariamu amemkumbatia mwanawe aliyekufa, na kwenye chombo kilicho chini aliandika ukumbusho wa Georges. Macho ya Mariamu yule yamevimba kwa kulia, na nadhani hakuhitaji kutafuta mtu wa kumwigiza.

Rangi je, umewahi kuziwazia? Hadi 1841 wachoraji walihifadhi rangi za mafuta ndani ya vibofu vya nguruwe! Mwaka huo Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya kifuko cha bati cha kukamua, kama cha dawa ya meno tulichonacho leo, na ghafla ukaweza kubeba rangi zako hadi jangwani.

Nyingine ilikuwa ya kutisha. Palikuwa na rangi ya kahawia iliyotengenezwa kwa kusaga maiti za kale za Misri! Edward Burne-Jones, aliyechora "Nyota ya Bethlehemu" yenye upana wa karibu mita 4 kwa rangi za maji, alikuwa nayo bila kujua inatoka wapi. Siku rafiki yake Lawrence Alma-Tadema alipomweleza, alikifuata kifuko chake mara moja, akakitoa nje, akakizika bustanini kwa heshima zote.

Munkácsy naye alipenda lami chini ya rangi zake, kwa sababu ilimpa weusi mtamu. Lami haikauki sawasawa. Picha zake zimeendelea kuwa nyeusi tangu siku ile, na mafundi wa makumbusho bado wanapambana nayo.

Unamkumbuka Belshaza wa kitabu cha Danieli, aliyeona mkono ukiandika ukutani? John Martin alimchora, akaonyesha London 1821, umati ukawa mkubwa hadi kikawekwa kizuizi cha kuwazuia watu. Ndugu yake, Jonathan, aliichoma moto York Minster, kanisa kuu la kale, mwaka 1829! Damu moja: mmoja alichora moto wa hukumu, mwingine akauwasha.

Picha tatu za mwisho za Martin, za Siku ya Hukumu, kila moja ina upana wa mita 3 hivi. Baada ya kifo chake 1854 zilizungushwa Uingereza na Marekani miaka mingi, watu wakilipa kiingilio. Mwaka 1935 zikauzwa zote tatu. Kwa kiasi gani? Pauni 7! Leo ziko katika jumba la makumbusho la Tate, London, na hakuna anayezungumzia kuziuza.

Na kama pauni 7 zimekushangaza, msikie Alma-Tadema, yule yule wa siri ya rangi. Alikwenda Misri 1902 akiwa na miaka 66, akarudi na picha ya binti Farao akimpata Musa, aliyoimaliza 1904 kwa malipo ya pauni 5,250. Aliichora kwa miaka miwili, mpaka mkewe Laura akamwambia kwamba mtoto huyo sasa ana umri wa kutembea, hana haja ya kubebwa!

Kisha picha za aina hii zikaachwa na wakati. Mwaka 1960 Musa huyo alipelekwa mnadani, bei ikakomea pauni 252, hakuuzwa. Mwaka 1995, mnadani New York, dola milioni 2.75. Mwaka 2010, mnadani New York tena: dola milioni 35.9!